Bamba la Tatu

Nyuma ya duka la viyoyozi, Ruwi,
kuna chumba kinachonuka siki na tindikali.
Mwalimu wetu Mmarekani, mzee Wendell,
ana vidole vyeusi kama mchuma zambarau,
na Kiarabu chake chote ni shwai shwai.

Ujanani, New York, alifunzwa na watu
waliokimbia vita na ndoto zao mfukoni.
Walimwambia: usichore unachokijua.
Kisu kitulie. Zungusha bamba.
Shaba ndiyo itembee;
wewe ngoja, kama unayengoja mtoto alale.

Mimi, Ghaniya binti Sleyum,
miaka ishirini na tisa nimegonga muhuri baladia:
kibali cha kinyozi, kibali cha mkahawa,
kibali cha kufuga njiwa juu ya paa.
Mkono wangu haujaenda popote bila ruhusa.
Bamba la kwanza nilichora mstari. Ulinyooka.
La pili, dalla ya kahawa, nzuri, na mdomo wake.
Wendell akaitazama, akapiga chafya.

Siku ya bamba la tatu nilikuwa na homa.
Nikawaza bili ya maji,
kisu kikaenda zake.

Nikapaka wino, nikaufuta, nikalaza karatasi mbichi.
Gurudumu lilikuwa zito; akanisaidia Vijayan
wa duka la mbele, aliyekuja kuazima koleo.
Karatasi ikabanduka kwa sauti ya busu.

Falaji inapanda ngazi kwa magoti.
Mbuzi amevaa miwani ya marehemu mume wangu.
Kiyoyozi kinataga.
Na mlango, bila nyumba,
ule wa Vikokotoni niliouacha nina miaka sita,
bawaba upande usio wake.

"Wetu ulifungukia kushoto," nikasema.
Wendell akaanza kunieleza
kwamba chapa huja kinyume cha bamba.
Kana kwamba siujui muhuri!
Miaka yote ile nimelisoma jina la serikali
kinyumenyume, kwenye mpira, kabla ya karatasi.
Ila mlango sikujua kama nao ni muhuri,
wala ulinigonga wapi.

Vijayan akauliza mbuzi ni bei gani.

"Tia saini," akasema Wendell.
Nikapapasa mkobani. Nimestaafu tangu Machi.
Akanipa penseli.
Nikaandika jina kutoka kulia, kisha kutoka kushoto,
yakakutana katikati
kama mawifi waliogombana, njia nyembamba,
kila mmoja akimngoja mwenziwe apishe.