Mwizi wa Mshahara

Kila mwisho wa mwezi naingiziwa mshahara wa wizi.
Kwenye hati ya ajira wameandika *mtahini*,
lakini kazi ni ile ile: saa mbili asubuhi,
giza la Oulu bado limeilalia theluji,
navua buti, nawasha hadubini,
naanza kuvunja alichokijenga Tuire.

Mwaka juzi alijenga sanduku.
Kalizungushia nyuzi nyembamba kuliko unywele wa mtoto mchanga,
umeme ukipita ndani yake usiku na mchana.
Kata uzi mmoja tu, ufunguo unajifuta.
Nililigandisha. Nitrojeni, glavu hadi kiwikoni.
Kumbukumbu iliyoganda haina haraka ya kusahau;
nikapata nafasi ya kuvuta pumzi, ya kuchomeka waya,
na kuusoma ufunguo wote, tarakimu kwa tarakimu,
sanduku likiwa bado linajiandaa kufa.
Tuire hakusema neno.
Alisimama dirishani akamenya chungwa.

Theluji ilipoyeyuka akaleta walinzi.
Programu isiamke mpaka ikaguliwe na iliyoitangulia,
nayo iliyotangulia iwe imekaguliwa na ya kabla yake,
hivyo hivyo kushuka, hadi ile ya chini kabisa
iliyochongwa ndani ya silikoni,
ambayo hata mchongaji hawezi kuigeuza.
Mlinzi anamwuliza mlinzi: mhuri wako uko wapi?
Nikangoja wa mwisho afungue kinywa,
nikampunja volti, kidogo, chini ya kupepesa jicho.
Akajikwaa. Akaliruka swali.
Akanifungulia.

Siri ya mtungi aijuaye kata.
Nilimwambia hivyo jikoni, nikijisifu,
mimi Urho, kata ya kampuni nzima.
Akakoroga supu yake ya samaki, akasema:
basi nitafinyanga mtungi usioijua siri yake.

Akaja na trei. Chipu mia mbili,
tanuri moja, mchoro mmoja, siku moja ya kuzaliwa.
Ndani ya kila moja, vijumba elfu kadhaa visivyo na kitu.
Umeme ukiingia, kila kijumba huanguka upande wake,
sifuri au moja,
kwa sababu ya vumbi la atomu lililokaa vibaya kiwandani,
kasoro ambayo hakuna aliyeikusudia
na hakuna awezaye kuirudia.
Huo ndio ufunguo. Haukuandikwa popote.
Zima umeme, hakuna cha kuiba.

Ofisi ya hataza ilimwandikia kwa adabu:
kasoro zilikuwapo, na wengine wameshazisoma;
wewe umevumbua nini hasa?
Akajibu kurasa arobaini na moja.
Mimi ningezifupisha kwa neno moja: kusikiliza.

Maana usiku wa kwanza nilizitoa nje, kwenye kibaraza,
baridi ya nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri.
Asubuhi chipu namba themanini na nane
haikulikumbuka jina lake.
Vijumba kumi na kimoja vilikuwa vimeanguka upande wa pili.
Nilicheka peke yangu, mvuke ukinitoka.
Tuire akaichukua, akaiuliza mara elfu,
kwenye joto, kwenye barafu, kwenye umeme uliochoka,
akaviweka kando vijumba vinavyositasita,
wala havilaumu, haviulizwi tu.
Vilivyobaki vinatosha kuwa mtu.

Huu mwezi wa tano ninayo mezani.
Nimeipiga leza. Nimeipigia sindano.
Niliijaribu dada yake, namba themanini na tisa, kwa asidi,
tabaka kwa tabaka, mkono umetulia kama wa kinyozi,
na nilipofika ndani nikamkuta mgeni:
ukimchubua ngozi ili umjue,
umeshamfanya mwingine.

Ijumaa Tuire hupita mlangoni, koti begani.
Bado?
Bado.
Nazima taa, nafunga maabara kwa ufunguo wa chuma
ambao fundi yeyote wa sokoni angeunakili kwa dakika tatu.
Ila Ijumaa iliyopita, nilipomjibu,
niliona, au nilidhani nimeona,
amesikitika kidogo.
Chungwa lake lilibaki juu ya meza yangu,
halijamenywa.