Siku Bendera Zilipokuwa kwa Mshonaji

Alikuja Langoni saa nne, jua likiuma,
kashika mfuko wa karatasi kama mtu aliyetumwa samli.
Sajini Tani. Jina lake ni refu zaidi,
ila hilo ndilo ulimi wangu ulilolikubali.
Nyuma yake kijana wa Mokowe, mkalimani,
anatafsiri huku anatafuna chingamu.

Ndani ya mfuko, kitambaa cha kijani:
kinubi cha uzi wa dhahabu, nyuzi tatu zimekatika,
na chini yake maneno ya lugha ya babu zao
ambayo mwenyewe hawezi kuisoma.
"Panya," akasema, "kule kambini Manda."
Panya wa Manda hawajui heshima ya bendera, nikamjibu,
na wavuvi wetu siku hizi hawajui wapite wapi.
Kijana wa Mokowe hakuitafsiri ile ya pili.

Mimi ni mshona kofia. Vito nilivyotoboa
vingetosha kuchuja bahari.
Bendera, sijawahi.
Nikatunga uzi, nikamwambia: nieleze,
siwezi kuziba tundu la kitu nisichokijua.

Akaeleza.
Njaa kwanza. Viazi vilioza ardhini
hata mkulima akichimba anapata uji mweusi.
Merikebu. Mji wa watu wasiowataka,
milango iliyoandikwa kuwafukuza.
Kisha kikosi, chao wenyewe,
na kanali aliyekataa kuwapanga gwaride
mbele ya mwana wa mfalme aliyewatawala kwao,
akashtakiwa kwa hilo.
Kila Machi, siku ya mtakatifu wao,
huamka gizani, hunyweshana (sikuuliza nini),
huenda kanisani, halafu hutangulia mji mzima barabarani,
kijitawi kibichi kimechomekwa kofiani.

Kwa nini kijitawi?

Hapo akaitazama sindano.
Palikuwa na kilima, akasema, na baridi ya Desemba,
na ukuta wa mawe huko juu.
Bendera zao zilikuwa matambara, zimeliwa na risasi,
zimerudishwa mjini zikatengenezwe nyingine.
Basi wakachuma majani ya kichaka, wakayachomeka,
ili atakayeokotwa ajulikane ni wa nani.
Nyuma ya ukuta, bunduki begani,
baadhi walikuwa watu wa kisiwa kile kile.
Wakayatambua majani.
Wakapiga.

Nilikuwa nahesabu mishono. Nikapoteza hesabu.
Kumbe mshonaji alichelewa.

Babu yangu, Bwanaheri Kale, alikuwa Keya.
Alipelekwa Burma, akarudi na kofia pana
na kikohozi. Hapakuwa na gwaride.
Kofia ilining'inia msumarini
mpaka kuku wa bibi akataga ndani yake,
mayai manne, na babu akakataza asiondolewe.
Nambari yake niliihifadhi kabla ya Alhamdu.
Jina la kikosi chake nalo lilikuwa nambari.
Na kule msituni, alisema mara moja tu,
majani yalikuwa mengi mno kumtambulisha mtu.

Hayo sikumwambia Sajini.
Nilimtoza bei ya mgeni, nikampunguzia mia mbili.
Nilimaliza siku tano kabla ya Machi yao.
Kinubi kina nyuzi zote.
Ila upande wa ndani, pasipoonekana,
nimetia jani moja la mrehani,
uzi wa kijani juu ya kijani.
Akilipata, atadhani mkono wangu uliteleza.