Bandari Isiyo na Chumvi

Meli ya ngano ilifunga kamba saa tatu asubuhi,
na baharia mmoja akaingia ofisini kwetu,
pale tunapogawa soksi, chai na kadi za simu,
akasema kwa Kiingereza cha kuokoteza:
nina saa sita, mji huu una nini?
Nikamjibu kwa Kiswahili, maana mgongoni mwa fulana yake
palikuwa na neno Mikindani, limefifia.

Alikaa kwanza. Alikunywa maji.
Kisha akauliza tena, sasa kwa lugha ya kwao,
na swali likawa zito zaidi.

Hamilton, nikamwambia, ina moto.
Unaona yale mabomba? Chini yake chuma huchemka kama uji,
na usiku mawingu huwa na rangi ya papai lililopasuliwa.
Masizi ya madirisha ya Barton ni riziki ya mtu:
tunayapangusa Jumamosi, Jumapili yamerudi.

Ina mlima. Wenyewe wanauita Mlima,
nami nilicheka miaka miwili
mpaka nilipoupanda kwa miguu,
ngazi za chuma, mia tatu na ushei.
Wengine huzipanda kwa mazoezi. Mimi nilizipanda
kwa sababu basi halikutokea na zamu haingoji.
Huko juu kuna hospitali. Nimejifungua huko mara mbili,
mmoja akalia; mmoja, hapana.
Tuyaache hayo.

Ina maporomoko ya maji, zaidi ya mia, wanasema,
mengine nyuma ya maduka,
kama bomba ambalo mtu kasahau kulifunga.
Ina maktaba yenye joto ambamo huulizwi kitu
toka asubuhi mpaka jioni;
ndimo nilimojifunza kusoma barua za kodi.
Ina soko la ndani. Muhogo wao wameupaka nta,
nao si mbaya, ukiutia nazi ya kopo
na ukala bila kukumbuka.

Ina ziwa.
Hapo alinikatiza: ziwa? Siku ya tatu hii naapa ni bahari!
Hata mimi, nikamwambia. Nilichovya kidole, nikakionja.
Hamna chumvi.
Bandari nzima, kreni, ving'ora, kamba nene kama paja,
na hakuna kupwa wala kujaa.
Meli yenu imepandishwa ngazi za maji mpaka hapa,
lango kwa lango, kama gunia begani.

Na kule pembeni, ile sehemu tambarare, ni kaburi:
lami na sumu ya miaka mingi ya viwanda,
wameizungushia ukuta wa chuma, wakaifunika.
Chuma kimetumwa kuficha makosa ya chuma.

Nilikuwa nimekolea. Nilikuwa naelekea makumbusho,
uwanja wa mpira, bustani ya waridi,
nikamwona anajishika kisogo.

Dada, akasema, kinyozi yupo?

Habtom ana kiti kimoja na kioo chenye ufa.
Hakumuuliza ametoka wapi. Alipitisha kiganja tu,
na vumbi la ngano likatoka kwanza,
kisha miezi minane.
Mashine ilipogusa shingo, kijana alifumba macho,
nami ndipo nikaona ni kijana kweli,
ana kovu dogo nyuma ya sikio, la mtoto aliyeanguka.
Baharia halipi Jumatano, Habtom akasema.
Ilikuwa Ijumaa.

Saa tisa kamba zikafunguliwa.
Sikwenda kupunga mkono; nilikuwa nahesabu soksi.

Jioni nilipita Barton. Habtom alikuwa anafagia
nywele za siku nzima, zimechanganyika,
za baharia, za mwalimu, za fundi wa tanuri,
rundo moja, jepesi kuliko nilivyodhani.
Akalisukumia ndooni.
Ndoo ya chuma. Ya hapa hapa.