Kaa

Kichochoro cha K42, nyumba ya saba, Thanh Khê:
chumba cha juu, dirisha moja, feni mbili,
na sufuria ya umeme ya mpangaji aliyenitangulia,
Mdachi, aliyeondoka na funguo akaacha deni la maji.

Ninatunza hesabu za kliniki ya meno huko Halifax.
Wanapofungua mlango, hapa ni saa mbili usiku.
"Habari za asubuhi," nawaandikia,
na mjusi ukutani ananitazama kama shahidi.
Meno ya watu nisiowajua, ziba hili, ng'oa lile,
mpaka saa kumi alfajiri, wanapofunga,
ndipo nasikia mchi wa Bà Nhàn ukianza chini,
tu, tu, tu,
anaponda kaa wadogo wa mashambani, magamba na yote,
kwa mchuzi wa tambi atakaouza kukipambazuka.
Siku yake inafunguka palepale yangu inapofungwa.

Mwanzoni tulizungumza kwa simu.
Aliniuliza nina watoto wangapi,
simu ikaniuliza nina mbegu ngapi.
Nikajibu: hamsini.
Tukaizima.

Sasa ananyoosha kidole.
Kwenye kinu: *cua*. Nasema, kaa.
Kwenye jiko, kwa chekundu kinachopumua: *than*.
Nasema, kaa.
Akavuta kigoda cha plastiki, akakipiga kofi: *ngồi!*
Nikaketi. Nasema, hata hiki, bibi, ni kaa.
Alinitazama kama muuza samaki aliyepewa noti bandia.
Mjukuu wake Diệp, anayelinda kaunta ya hoteli, akanifikishia ujumbe:
Bibi anasema lugha yenu ina nguo moja,
mnaifua usiku, mnaivaa asubuhi.
Na huyo ni mtu anayetamka *ma* kwa sauti sita,
na kila sauti ina mtu wake!

Mama hupiga Jumapili. Unakaa wapi hasa, mwanangu?
Nimpe namba ya nyumba?
Ninakaa, mama. Ninakaa kama kaa:
mbele sikujui, nyuma sikutaki,
nakwenda ubavu ubavu, na kompyuta mgongoni.

Mkabala na dirisha langu alikuwapo kinyozi, mzee Lực.
Miaka ishirini na sita, kioo kilekile.
Mwezi wa tatu mwenye nyumba akabomoa ukuta,
akapiga rangi nyeupe, akatoa vyumba vinne
vya watu wa kompyuta.
Kiti cha kunyolea kilikaa nje siku tatu, kinanyeshewa,
kisha pikipiki ikakibeba, miguu juu.
Kodi ninayowasifia rafiki zangu kwamba ni sawa na bure
ndiyo iliyomhamisha mzee Lực.
Kwetu husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone.
Diệp aliniuliza kama tuna methali kuhusu wageni.
Nilimwambia sikumbuki.

Nywele zangu sasa nakata mwenyewe, vibaya.

Kila siku ya tisini lazima nitoke nchini.
Basi hadi Lao Bảo, muhuri wa kutoka,
hatua kadhaa kwa miguu, chai upande wa pili,
muhuri wa kuingia, kama mtu aliyesahau mwavuli.
Lakini safari hii karani wa Halifax amenidokeza
kwamba wamepata programu inayojua kujumlisha.
Begi langu lilikuwa zito kuliko la kwenda na kurudi.
Bà Nhàn alilitazama begi, hakunitazama mimi.

Saa kumi. Jiko lilikuwa bado halijawashwa,
kinu kilikuwa kimefunikwa.
"Kaa," akasema,
kwa ile sauti yao inayopanda mwishoni,
ambayo kwetu huwa swali na kwao si swali,
ni neno jingine kabisa.
Mikononi hakuwa na kitu.

Nilisimama pale na begi langu
nikitafuta ameshika nguo ipi.

Kisha akakumbuka umeme wa mwezi uliopita:
laki tatu na nusu.
Nikahesabu noti moja moja, polepole,
mimi ambaye kuhesabu ndiyo kazi yangu,
nikakosea, nikaanza upya.
Nje basi lilikuwa linapiga honi.