Hesabu ya Ufito

Elfu sitini na nne.
Niliuliza mara mbili, sikio langu la kushoto hunidanganya,
na Thoya akarudia polepole, kama anamsomea daktari dalili:
elfu sitini na nne, pamoja na rili yake,
na Muitaliano amepunguza kwa sababu anahama.

Mimi huuza viazi karai nyuma ya soko la zamani.
Kiazi shilingi kumi.
Kwa hiyo mlangoni pangu aliingia mume
na viazi elfu sita na mia nne mkononi,
vimekonda vyote vikawa ufito mmoja mweusi.

Tulikuwa na wa bluu, wa plastiki, wa elfu na mia nane.
Ulikatika kwenye pete ya tatu
siku alipouma taa (samaki, si taa ya umeme,
ingawa usiku ule tulikosa vyote viwili).
"Rahisi ni ghali," akaniambia.
Na ghali je? nikamwuliza. Ghali ni nini?

Nikafungua daftari.
Mstari mmoja kila samaki, kalamu nyekundu:
changu, changu, kolekole wa kilo mbili,
chaa mdogo niliyeona haya kumpaa,
kisha wiki tatu tupu, Sabaki ilipomwaga tope
na bahari yote ya Malindi ikawa chai ya maziwa.
Miezi kumi na minne, samaki arobaini na mmoja.
Nikagawanya.
Elfu moja mia tano sitini na moja kwa samaki,
chambo sijakitia, wala tuktuk ya kwenda gatini.

Ipo hesabu ambayo sikuiandika.

Thoya alikuwa fundi bomba wa mahoteli.
Aliweka kiganja ukutani, akafumba macho,
akasema vunja hapa,
na maji yalikuwa hapo.
Kisha Jumanne moja kikombe kikamponyoka,
asijue kimeponyoka mpaka aliposikia kikipasuka.
Tangu kiharusi kile mkono wa kulia unatii, haujui.
Aliwahi kujaribu mshipi mtupu.
Alirudi nyumbani na damu shatini
akaniuliza ni ya nani.

Jumamosi nilikwenda gatini kumgombeza rasmi,
daftari kwapani.
Hakujibu. Akanishikisha ule ufito,
mwepesi kuliko mwiko wangu,
kitako chake akakibana chini ya kiwiko changu.
"Subiri."
Nikasubiri, nanuka mafuta ya jana.
Kisha: tk.
Si kuvutwa. Kama mgeni anayegonga mlango kwa ukucha,
hana hakika kama wenyewe wapo.
"Umesikia? Anaonja tu. Wa bluu usingekwambia."
Akauchukua, akafumba macho,
akaanza kunitajia: mchanga, mchanga, jiwe, mwani,
sasa maji yanageuka.
Vidole havijui. Kiwiko kinajua.

Mkiniuliza kama ufito wa bei unastahili bei,
nitawajibu kama mwenye biashara.
Una vidole kumi vizima? Nunua wa elfu tano,
usuuze rili kwa maji baridi kila ukirudi,
na chenji yako kanunulie samaki.
Kolekole hasomi bei. Nimewaona watoto wa Shela
na uzi uliozungushwa kwenye chupa
wakimpita mzungu mwenye ufito wa laki mbili,
tena wanamcheka.
Asiyejua samaki walipo
hununua kitu cha kushikia ujinga wake.

Wa Thoya ni habari nyingine. Lakini msimsifu sana.
Juzi aliuegemeza kwenye ukuta wa jikoni,
kiwiko juu ya kitako, macho kafumba,
akasema bomba linavuja. Hapa.
Tukavunja.
Pakavu, pakavu kabisa, na mende mmoja.
Saruji na mchanga, mia tisa na hamsini.
Nimeiandika chini ya ufito.