Mkono wa Kushoto

Darasa la pili, Elburgon, mwalimu Kiptalam
aliufunga mkono wangu wa kushoto kwenye dawati
kwa kamba ya katani,
akaniambia niandike kwa ule wa watu.
Nyumbani nyanya alinikataza kuutumia kupokea,
kupakua, kusalimia.
Ukawa mkono wa kazi zisizotazamwa:
kuzoa mavi ya kuku, kukwangua sufuria,
kumshika mbwa shingo asimng'ate mgeni.

Sikujua kwamba nilikuwa nauweka akiba.

Miaka mitano Kabete. Nilisoma mifupa ya farasi
kwenye meza inayonuka dawa ya maiti,
na vyumba vinne vya tumbo la ng'ombe,
kila kimoja na tabia zake kama wapangaji.
Nilikariri kupe kwa Kilatini,
kupe wale wale niliowapasua kwa kucha utotoni
nisijue kuwa wana majina.
Mhadhiri alitushika mikono, mmoja mmoja,
kama anayechagua mahindi ya mbegu.
Wangu akaugeuza, akaugeuza tena.
"Mwembamba huu," akasema, "na mrefu. Usinenepe."
Ndiyo sifa pekee niliyopata muhula ule.

Jana, saa nane usiku, simu.
Turi, kwa Wairuri, ukishapita kiwanda cha mbao,
njia ya udongo inayoteleza kama sabuni.
Amesimama langoni na kurunzi,
kavaa sweta la shule la mwanawe, nembo kifuani.
Ng'ombe kalala ubavu. Miguu miwili nje.
Kichwa hakipo.

Navua koti. Baridi ya huku haina adabu,
inaingia kwapani bila hodi.
Sabuni. Maji moto. Mafuta.
Halafu kushoto, mpaka begani,
shavu langu juu ya paja lake,
macho kwenye mabati, hayana kazi.
Vidole ndivyo vinavyouliza:
goti? kifundo? sikio?
Tumbo linabana, mkono unakufa ganzi,
nangoja, linalegea, nasogea.
Shingo imekunjwa nyuma
kama mtu aliyeitwa jina akageuka.
Nikapata taya. Nikapata mdomo.
Nikatia kidole, nikangoja anyonye.

Hakunyonya.

Hili hakuna aliyenifundisha: kuendelea kuvuta
ukijua unachokivuta.
Wairuri alishika kamba pamoja nami, hakuuliza.
Alipotoka alimfunika kwa gunia la viazi,
akamwendea mama mtu na ndoo,
na mama mtu akasimama, akanywa, akaomba nyingine.
Tukacheka kidogo. Sijui kwa nini.

Nilikuwa nanawa nilipomwona wa pili,
yule wa maziwa, yule wa karo,
robo moja ya kiwele imevimba, ina moto.
Nikakamua kwenye kiganja: madonge, na uzi wa damu.
Nikadunga sindano, nikaandika tarehe,
ndipo nikafika kwenye kazi yenyewe.

"Siku tano usiuze. Hata chai usipikie."

Akahesabu kwa midomo.
Akalitazama sweta.
"Lori la maziwa halinusi dawa, daktari."

Ningeweza kusema tatu.
Ningeweza kukohoa, nifunge mkoba,
nimwachie Mungu na dereva wa lori.
Nikasema tano. Nikasikia jinsi neno hilo
lilivyo jepesi mdomoni mwa mtu mwenye mshahara.

Alinilipa nusu, na nusu kwa viazi.
Nilipokea kwa kulia, kama nyanya alivyotaka,
maana kushoto kulikuwa kunatetemeka
hata ufunguo haukushikika.

Kunapambazuka. Kwenye kona ya kiwanda
nikapishana na lori, matangi yanagongana,
likielekea nilikotoka.
Nikasimamisha pikipiki, nikazima injini,
nisikie kama litapunguza mwendo.