Mikunjo ya Koti

Umeme ulirudi Kadutu saa nane za usiku
tukaamka wote, simu kabla ya sufuria.
Kioo kina ufa, lakini uso wa daktari
umeuepuka: unang'aa, unatabasamu,
unawaagiza wenye tansiyo wachemshe majani ya avoka
siku saba, kisha vidonge wavitupe chooni.

Mugisho alitazama kipimo shingoni: "Huyu ni wa kweli."
Cibalonza akasifu Kifaransa chake,
kinavyoteremka bila kujikwaa.
Mimi nilisoma tarakimu. Laki tatu wamemwona.
Laki tatu, nikawaza, hawawezi kupotea njia moja;
na sokoni hapo chini nimeshaona umati
ukigombea kitenge kinachochuja rangi.

"Zimeni sauti," akasema mama.

Miaka kumi na tisa alifua mashuka ya hospitali.
Aliivuta simu hadi puani.
"Koti hili lina mikunjo ya dukani bado.
Halijaonja jiki, halijadondokewa iodini.
Na hiyo mikono,
inapungia hewa tu. Imemshika nani?"

Tukafungua ya Kasali, muuguzi wa kituo chetu:
nusu ya picha ni kidole chake mwenyewe,
mvua juu ya mabati, jogoo asiyejua saa.
Mtu anamuuliza kuhusu majani yale.
Kasali anajikuna kisogo.
"Hilo sijui. Njoo kwanza tukupime."
Waliomwona: hamsini na mmoja.
Tulicheka. Daktari gani anasema sijui?
Mama hakucheka. *Sijui*,
alilirudia polepole, kama anayeonja chumvi ya mboga.

Asubuhi alimeza kidonge chake.
Majani pia aliyachemsha, akanywa kikombe kizima:
"Yananukia vizuri. Na yenyewe
hayajaniambia nitupe kitu."

Kuna jambo sikumwambia.
Kabla hajasema zimeni sauti,
kabla hata daktari hajamaliza kutabasamu,
kidole changu kilikuwa kimekwisha kuituma
kwa wanakwaya, kwa shemeji, kwa shangazi wa Walungu
ambaye moyo wake humpiga hadi masikioni:
watu kumi na wanne, na mega zangu za mwisho.

Kulipokucha nilikopa mega nikafute.
Alama mbili za buluu zilikuwa zimenitangulia,
na chini yake, kutoka Walungu, neno moja:

Tumechemsha.